Mita na Kisasi cha Mama Vifaranga

Majirani na jamaa mnaoishi ukuta kwa ukuta, mnaosikiana hata mkikohoa, haya yaliifika nyumba moja iliyokuwa imetulia kabisa. Yasikieni kabla hayajafika kwenu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, bati moja, milango miwili. Mlango wa kwanza aliishi mjane aliyeitwa Mama Vifaranga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutotolesha mayai kwa mashine na kuuza vifaranga. Alikaa na mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, dereva wa lori ambaye nyumbani alipita kama mgeni. Mlango wa pili aliishi shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Huyu alikuwa kinyozi, na chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa saluni, yenye kipaneli chake kidogo cha jua juu ya bati.

Mashine ya mayai ilikuwa sanduku la mbao lenye kioo, na ndani yake vitaa vya joto na feni ndogo. Iliendeshwa na paneli ya jua iliyokuwa juu ya bati na betri iliyowekwa pembeni mwa chumba. Siku za mayai kupasuka wanawake wale wawili waliinama mbele ya kioo na kusahau hata chai.

"Mama, huyu anatangulia makalio," mkwe alisema siku moja.

"Muache. Hata mumeo alikuja hivyo hivyo, na leo anaendesha lori."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Kisha betri ikaanza kuzimika kabla ya kukucha. Mayai yalipoa, vifaranga vikafia ndani ya maganda. Mara ya kwanza Mama Vifaranga alivumilia. Mara ya pili aliuliza nani anayetumia umeme ovyo. Shemeji yake alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anakunywa chai yake, naye ndiye aliyejibu.

"Shemeji, mabinti wa siku hizi simu ndiyo pumzi yao. Huyu anaichaji usiku kucha. Mimi naisikia ikilia huku kwangu."

Mkwe aliweka chini ndoo aliyokuwa ameibeba. "Mama, sijagusa. Niapishe unavyotaka."

"Sitaki kiapo. Nataka vifaranga."

Maneno yaliendelea siku kadhaa, kila siku makali kuliko jana, mpaka binti yule akafunga nguo zake na kurudi kwa wazazi wake. Mumewe alipiga simu kutoka safarini.

"Mama, una hakika?"

"Kama ninavyolijua jina lako."

Basi mayai mengine yakawekwa, na hayo nayo yakafa. Safari hii hapakuwa na mkwe wa kusingiziwa. Mama Vifaranga akamwita fundi redio wa mtaani. Fundi aliipima betri, akatikisa kichwa.

"Betri ni nzima, mama. Hii inanyonywa." Akatoa mfukoni kimita cha duara chenye mshale. "Hiki kinasoma umeme unaopita kwenye waya. Usikiunge kwenye ncha mbili za betri, utakiunguza. Toa fyuzi kwanza. Kata waya mwekundu unaotoka kwenye betri, kiweke katikati, ili umeme wote unaokwenda nyumbani upite kwake kama watu wanavyopita mbele ya mlinzi. Halafu zima kila kitu chako. Mshale ukiinuka, jua kuna mtu anakula."

Mama Vifaranga alifanya mwenyewe, maana fundi alikuwa anaitwa kwingine. Alitoa fyuzi, akakata waya, akamenya ncha zake kwa kisu cha jikoni, akazikaza kwenye nati za mita. Alirudisha fyuzi, akazima taa zote na ile mashine tupu. Mshale ulilala kwenye sifuri. Alikuwa ameanza kumlaumu fundi kimoyomoyo, mara ng'ambo ya ukuta mashine ya kunyolea ikaanza kuvuma. Mshale ukainuka. Mvumo ukakoma, mshale ukalala. Ukavuma tena, ukainuka tena.

Alipanda juu ya meza na kuchungulia darini. Waya mweusi ulikuwa umeungwa kwenye waya wake kwa utepe, ukatambaa na kushuka upande wa shemeji. Kile kipaneli kidogo kilichopasuka alichokiweka kinyozi juu ya bati kilikuwa cha kudanganyia watu. Saluni yake mchana, televisheni na feni yake usiku, vyote vilikula jasho la mjane wa kaka yake.

Hapo, ndugu msomaji, wewe ungefanya nini? Plaizi aliyokatia waya ilikuwa bado mkononi mwake. Angeukata ule waya na kuwaita watu wazima. Simu ilikuwa mezani; angempigia mkwe na kusema, mwanangu, nilikukosea, rudi. Na kweli aliishika simu. Lakini alikumbuka yule mtu akinywa chai yake huku akimsingizia binti wa watu. Akairudisha simu mezani.

"Nitapiga," alijiambia. "Lakini kwanza huyu."

Karibu na mita palikuwa na swichi moja iliyokata umeme wa nyumba nzima. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya mshale kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Mteja wa kwanza kuonja alikuwa karani mmoja. Mshale uliinuka, Mama Vifaranga akaiacha mashine inyoe kidogo, kisha akabonyeza swichi.

"Mbona umenyamaza?" sauti ya karani ilisikika.

"Wingu, bwana. Paneli yangu imepata wingu."

Nje jua lilikuwa linachoma bati. Mama Vifaranga aliuma upindo wa nguo yake asisikike akicheka. Karani alirudi kazini nusu ya kichwa kikiwa kimenyolewa na nusu kikiwa na nywele.

Ikawa ndiyo kazi yake. Mshale ulimwambia mashine iko kichwani mwa mtu, na kidole chake kikafanya yaliyobaki. Utamu wake ulikuwa kwamba kinyozi hakuweza kulalamika popote. Alijaribu mara moja tu, amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, umeme wako uko sawa?"

"Sawa kabisa. Kwani wako una nini?"

Kinyozi aliivaa kofia yake akaondoka, na tangu usiku huo hakuwasha tena televisheni wala feni, akiogopa kukamatwa. Wateja wakapungua, na kila aliyeondoka Mama Vifaranga alimhesabu kama ushindi.

Lakini alikuwa ameweka mayai mapya, ambayo vitaa vyake viliuinua mshale kidogo tu kabla kinyozi hajauinua zaidi, na ile swichi haikuchagua. Kila alipomzimia kinyozi, aliyazimia na mayai. Alijipa moyo kwamba ni dakika chache tu. Fundi redio alipopita kumsalimu na kuona mambo yanavyokwenda, alimwambia waziwazi.

"Mama, mwizi umeshamjua. Kata ule waya, yaishe."

"Nikikata atafanya kazi kwa amani. Sitaki awe na amani."

"Na yule binti umeshampigia?"

"Nitampigia."

Siku moja saluni ilijaa vicheko. Bwana harusi alikuwa amekuja kunyolewa, na ndugu zake wamemzunguka. Mama Vifaranga aliona hiyo ndiyo siku aliyokuwa akiingoja. Mshale ulipoinuka alisubiri, akasubiri, kisha akazima, akachomoa na fyuzi akaitia kifuani. Akatoka nje kutazama.

Bwana harusi alitoka na kichwa kama shamba lililolimwa upande mmoja. Ndugu zake hawakutaka hadithi ya wingu. Waliushika waya unaoleta umeme saluni, wakaufuata kwa macho mpaka darini upande wa mjane, na mtaa mzima ukakusanyika, kelele zikaendelea mpaka jioni. Kiti cha saluni kilirushwa nje, kioo kikafuata. Kinyozi alisimama ameshika mashine isiyovuma, hana pa kuficha uso. Mama Vifaranga alikunja mikono kifuani na kusimulia yote kwa sauti, kila neno likimteremka kooni kama asali.

"Niliweka mita mwenyewe, nikamnasa. Tangu mwezi uliopita najua. Nilikuwa namchezea tu."

"Tangu mwezi uliopita, mama?"

Aligeuka. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya watu, begi begani, na mkewe kando yake.

"Nimembembeleza mke wangu siku nyingi," mwanawe alisema taratibu. "Amekuja kukuomba radhi. Kwa kosa ambalo wewe ulishajua hakulifanya."

Mama Vifaranga alikunjua mikono. Mkwe aliingia ndani, kwa kuwa hakusikia feni ya mashine ya mayai. Alikaa huko kidogo. Alipotoka alikuwa na yai moja kiganjani, limetobolewa, na mdomo mdogo umejitokeza kwenye tundu, hautikisiki.

"Yalikuwa yameanza kupasuka, mama," alisema, akaliweka mkononi mwake.

Yeye na mumewe wakaondoka njia ile ile waliyokuja nayo. Kinyozi alihama mtaa kwa aibu, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Mama Vifaranga ana umeme wa kutosha sasa, maana hakuna wa kuutumia. Amempigia mkwewe mara nyingi. Anayepokea ni mwanawe, naye humjibu kwa adabu na kwa ufupi.

FUNZO

Kumwibia ndugu aliyekuamini ni wizi maradufu, na aliyefanya hivyo amekosa kazi na makazi. Msimamisheni kwenye aibu yake wala msimwonee huruma upesi. Lakini enyi mliodhulumiwa, mkishaujua ukweli, jambo la kwanza ni kumsafisha mliyemsingizia, siku hiyo hiyo, kabla ya jambo lingine lolote. Mama Vifaranga alikuwa na haki mkononi. Aliiacha ipoe kwa sababu alitaka kuonja kisasi, na kila siku aliyofurahia mateso ya adui yake ilikuwa siku nyingine ya kumwacha binti asiye na hatia abebe lawama. Wenye nyumba, kateni waya, semeni ukweli, ombeni radhi. Kisasi kitawapa kicheko cha siku chache, kisha kitawaachia nyumba isiyo na mtu wa kucheka naye.