Sauti ya Naipanoi Haikai Nyumba Moja

Kwa Resian, pale Kitengela, mlango haufungwi kabla chai haijaisha. Jioni majirani wa ploti huingia na vikombe vyao, na habari za mtaa huingia nao. Nani amehama. Nani amenunua sofa. Nani hasalimiani na nani.

Jioni moja walimkuta analia.

"Ni bwana?" aliuliza Jentrix, jirani wa mlango wa pili.

"Bwana gani! Si huyo hapo anakunywa chai?"

Kisemei, mumewe, aliinua kikombe ili waone yupo.

Resian alitunza nyumba ndogo ya makumbusho mjini Kajiado. Kwa miaka minne alikuwa amerekodi wanawake wazee wakiimba na kueleza maana ya shanga. Mmoja wao, Naipanoi, alikuwa amefariki mwaka huo. Soipan, binti yake, aliomba sauti ya mama yake. Alitaka baraka za bibi zisikike kwenye harusi ya mjukuu, mwezi wa Desemba.

Lakini mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Bati la makumbusho likavuja juu ya kabati la kompyuta.

"Kompyuta imekufa," Resian alisema.

"Na hukuwa na nakala ingine?" Jentrix aliuliza.

"Niko nazo! Moja kwa diski, moja kwa flashi."

"Ziko wapi?"

Resian alijipangusa uso. "Kwa hiyo hiyo kabati. Nilikuwa nimefunga na kufuli mbili."

Jentrix alijaribu kujizuia, akashindwa. "Ati kufuli mbili! Na maji ikakuomba ufunguo?"

Wote walicheka, hata Resian. Lakini Jentrix alikuwa mtu wa kazi hiyo. Alitunza kumbukumbu za kompyuta katika maktaba moja Nairobi. Aliichukua flashi, akamwachia fundi anayemjua. Baada ya siku nne ilifunguka. Naipanoi alikuwemo. Wanawake kumi na mmoja hawakuwemo, na wanne kati yao walikuwa wamekwisha kufa.

"Usingoje mvua ingine," Jentrix alisema. "Nakala zako zilikuwa tatu, lakini nyumba ni moja. Tafuta wenzako. Kimana kuna nyumba ya makumbusho, Namanga pia iko. Wewe uweke zao, wao waweke zako."

"Hapana," Resian alisema. "Nyimbo zingine ni za wanawake peke yao. Nikipatia watu wa Kimana, kesho ziko kwa simu ya kila mtu."

"Unazifunga kwa neno la siri. Wanatunza tu, hawafungui. Halafu mnaandika makubaliano, mnaweka sahihi."

"Na nitawaamini vipi?"

Kisemei aliweka kikombe chini. "Resian, ng'ombe zetu ziko wapi?"

"Zingine ziko hapa. Zingine ziko Rombo kwa rafiki yako Lemein."

"Ule ukame, za hapa zilibaki ngapi?"

Hakubaki hata mmoja.

"Za kwa Lemein ndizo zilituokoa," Kisemei alisema. "Maziwa anakunywa. Kuuza hawezi. Na zake mimi niko nazo. Ndiyo maana namwita Pakiteng." Hivyo ndivyo Wamaasai wawili waliopeana ng'ombe huitana; kiteng ni ng'ombe.

"Sikia shemeji!" Jentrix alisema. "Hiyo ndiyo kazi ninafanya Nairobi, na hakuna mtu ameniita kwa jina la ng'ombe."

"Sasa nyinyi mtaitana Pa-diski," Kisemei alisema.

Mwezi uliofuata, watunzaji wa Kajiado, Kimana na Namanga walikutana. Waliandika nani anatunza nini, na nani ana ruhusa ya kufungua nini. Nyimbo za wanawake zilifungwa. Neno la siri lilibaki kwa Resian na kwa mama mmoja wa kikundi cha waimbaji.

Jentrix aliwafundisha jambo moja zaidi. "Msiweke na kusahau. Programu hii inapatia kila faili namba yake. Faili ikiharibika hata kidogo, namba inabadilika. Kila mwezi mlinganishe namba. Iliyoharibika mnaitupa, mnaomba nzima kwa mwenzenu."

"Kama kuhesabu ng'ombe wakirudi," Kisemei alisema.

Mwezi wa Novemba wezi walivunja mlango wa makumbusho ya Kajiado. Walibeba kompyuta, diski, hata birika la chai. Soipan alipiga simu akilia.

"Usilie," Resian alimwambia. "Wamebeba vyombo tu."

Alimpigia Katee, mtunzaji wa Namanga. Keshoye diski ilifika Kajiado. Resian aliandika neno la siri kwenye kompyuta ya kuazima, akalinganisha namba na za Kimana. Zote zililingana.

Siku ya harusi, Soipan alikaa karibu na spika. Sauti ya Naipanoi ilitoka kwa Kimaasai, na watu wakaangua kicheko.

"Wanacheka nini?" Jentrix alimnong'oneza Kisemei.

"Mama anauliza, 'Resian, hii kitu inakula sauti yangu, inaipeleka wapi?'"

"Na Resian anamjibu nini?"

Kisemei alisikiliza. "Anamwambia, 'Kwa kabati, Yeyo, mama yangu. Nitafunga na kufuli mbili.'"

Jentrix alimgeukia Resian. Resian alikuwa ameinamia spika, kama mtu anayesahihisha kosa la zamani.

"Iko Kimana, Yeyo," alisema polepole. "Na Namanga pia."

Naipanoi akakohoa, akaanza kumbariki mjukuu wake.