Mke Halazimishwi

“Semeni binti Kibwana, umeridhia nikuozeshe kwa Nasibu bin Abdulmajid?”

Mzee Kibwana alikuwa amesimama mlangoni, kofia ameivua, macho ameyaelekeza kwenye mkeka alipokaa binti yake amefunikwa ushungi. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote.

“Mwali, baba anakuuliza,” alinong’ona Mwaisha, dada yake bwana harusi, akamfinya begani. “Sema basi, wifi.”

“Nimeridhia, baba.”

Vigelegele vikalipuka. Mzee Kibwana akarudi sebuleni kwa wanaume, na huku chumbani Mama Kulwa, Mnyamwezi na mtani wa kila Mluguru pale Bigwa, akapata nafasi yake.

“Jamani Waluguru! Pilau nimekula, soda nimekunywa, bwana harusi simwoni hata kiatu! Mtoto mmemwoza kwa gunia la mkaa?”

“Mtani, kula unyamaze!”

“Gunia lenyewe basi lileteni tulione!”

Wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Hakuna asiyejua bwana harusi alikokuwa. Alikuwa gerezani. Ndoa ilifungwa kwa niaba. Mjomba wake ndiye aliyeshika mkono wa Mzee Kibwana na kutamka kwamba ameikubali kwa ajili ya Nasibu.

Na aliyemfikisha Nasibu gerezani alikuwa Semeni mwenyewe.

Miaka saba nyuma, Semeni alikuwa na genge la mboga njia panda ya Bigwa. Mchana mmoja akaja jirani yao, Mama Severin, jasho linamtiririka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Severin hujamwona? Simu yake haipatikani.”

“Kapita hapa na pikipiki yake, kampakia Nasibu. Wameelekea njia ya Mzinga. Nasibu kanipungia mpaka mkono.”

Aliyasema hayo huku anapima nyanya, na kwa raha hata, maana siku hizo kulitaja jina la Nasibu kulimwachia utamu mdomoni. Posa ilikuwa njiani.

Kesho yake Severin aliokotwa korongoni, kichwa kimepasuliwa. Pikipiki haikuonekana tena.

Nasibu akasema siku hiyo yeye alikuwa Kisaki, shambani kwa mjomba wake, na mjomba akaja kuapa hivyohivyo. Lakini Mama Severin alishawaambia polisi alichoambiwa gengeni. Semeni akaitwa mahakamani, akasema alichokiona. Jaji akasema mtu wa mwisho kuonekana na marehemu ndiye mwenye la kujibu, na mtu huyo ni Nasibu. Adhabu: kunyongwa hadi kufa.

Alipokuwa anashushwa kizimbani, Nasibu aligeuka.

“Semeni,” alisema taratibu, bila hasira. “Ulinifananisha.”

Neno hilo lilimwingia Semeni kama mwiba wa samaki, halitoki wala halishuki. Nasibu akapelekwa Dodoma kwenye gereza la wanaosubiri kitanzi. Semeni akabaki Bigwa kubishana na macho yake mwenyewe. Wachumba watatu walibisha hodi. Wote aliwarudisha. Ningefunga vipi ndoa, alikuwa akijiuliza, wakati kuna mtu anahesabu pumzi zake kwa sababu ya mdomo wangu?

Halafu siku moja simu ikalia mlio wa ujumbe, kutoka kwa Mwaisha.

“WIFI RUFAA IMEPITA!! Mahakama ya Rufani imefuta hukumu. Wazee wa baraza waliomshauri jaji hawakuelekezwa vizuri kwenye ile kesi. Inaanza upya. Nasibu anarudishwa Moro!”

Semeni alisujudu palepale gengeni, kati ya mafungu ya mchicha. Wiki mbili baadaye Mwaisha akaja mwenyewe, amejifunga kanga mpya.

“Kaka anakutaka, Semeni.”

“Ananitaka mimi? Baada ya yale?”

“Anasema hajawahi kukuwekea kinyongo. Anasema hata wakimnyonga, afe ni mumeo.”

Semeni alilia mpaka Mwaisha akachoka kumbembeleza. Aliona amesamehewa. Ndiyo maana alipoulizwa na baba yake pale mkekani, hakusita.

Siku ya nne ya ndoa, hina haijaanza hata kupauka, askari mpelelezi aitwaye Ezekiel alisimamisha pikipiki mbele ya genge.

“Dada Semeni, habari za siku? Nimekuletea samansi. Kesi ya Nasibu inaanza mwezi ujao, na wewe ndiye shahidi wetu mkubwa.” Ghafla akamtazama mikono. “Hee! Hongera. Nani kakuoa?”

“Nasibu.”

“Nasibu yupi?”

“Huyohuyo, afande.”

Ezekiel alivua kofia ngumu, akakaa juu ya kreti tupu, akacheka kicheko kisicho na furaha.

“Wametuwahi. Dah! Wametuwahi kweli.”

“Kina nani?”

“Dada yangu, hivi hukuambiwa? Shahidi mwingine nikimpa hii karatasi, asipokuja anakamatwa. Mke sivyo. Mke halazimishwi kumshuhudia mumewe. Ukifika pale ukisema ‘sitaki’, jaji anakwambia shuka, nenda nyumbani. Na bila wewe sisi hatuna kesi.”

“Nasibu hawezi kuwa alijua hivyo.”

“Yeye labda. Wakili wake je?” Akainuka, akajipangusa suruali. “Mimi sikulaumu. Mapenzi ni mapenzi. Ila saini hapa, nisije nikaambiwa sikukufikishia.”

Semeni alisaini. Mwandiko wake ulikuwa kama wa mtoto wa chekechea.

Kesho yake alikuwa gerezani, ng’ambo ya wavu. Nasibu alikonda, lakini tabasamu lilikuwa lilelile.

“Mke wangu,” alisema.

Neno tamu. Semeni aliacha limshuke kidogo kabla hajafungua mdomo.

“Nimeletewa samansi.”

“Najua. Wala usiogope. Jaji atakuuliza mwenyewe, wewe unasema mimi ni mkewe, sitaki kusema. Unashuka. Imekwisha.”

“Wakili ndiye kakufundisha?”

“Ndiyo kazi yake.”

“Kwa hiyo ndiyo umenioa.”

“Nimekuoa kwa sababu nakupenda, Semeni.”

“Na kama Mahakama ya Rufani ingekuachia moja kwa moja, ungekuja kunioa?”

Nasibu alitazama chini. Askari wa zamu alikohoa, akasogea hatua mbili pembeni.

“Sikiliza,” Nasibu alisema, sauti imeshuka. “Kule Dodoma nililala nikisikiliza funguo. Kila zikigongana nasema, leo ndiyo leo. Wenzangu walikuwa wanasali, mimi nilikuwa nasema jina lako. Nakupenda. Na sitaki kufa. Yote mawili ni kweli. Ubaya uko wapi?”

Semeni aliushika wavu. Hapo angeweza kuondoka, na mumewe angetoka, na wangezaa watoto. Alilijua hilo vizuri.

“Nitanyamaza,” alisema. “Wallahi nitanyamaza, Nasibu. Niambie jambo moja tu. Siku ile nilikufananisha?”

“Semeni…”

“Nilikufananisha?”

“Mambo mengine mke haulizi.”

“Mimi nauliza.”

“Nikikwambia, utajua. Usipojua, utalala.”

“Sijalala tangu mwaka ule.”

“Basi zoea!”

Lilimtoka kabla hajalishika. Akauma midomo, akapitisha vidole kwenye matundu ya wavu.

“Samahani, mke wangu. Nisamehe. Ni hii jela. Semeni! Nitazame basi!”

“Muda umekwisha,” alisema askari.

Jioni hiyo Mzee Kibwana alimkuta binti yake jikoni, moto umezimika, ugali haujasongwa.

“Kuna nini?”

“Baba, nikisema, mume wangu atanyongwa. Nisiposema, nitakuwa napishana na Mama Severin bombani kila siku nampa shikamoo. Nifanye nini?”

Mzee alikaa juu ya kinu.

“Mimi nilimwoza binti,” alisema mwishowe. “Ulimi wake sikuuozesha kwa mtu. Huo ni wako.”

“Siyo jibu hilo, baba.”

“Ndilo nililo nalo, mwanangu.”

Siku ya kesi Mahakama Kuu ilijaa. Mama Severin alikaa benchi la mbele, rozari imemzunguka vidoleni. Nyuma yake Mwaisha, aliyemkonyeza Semeni kumpa moyo.

“Shahidi, una uhusiano gani na mshtakiwa?” aliuliza jaji, mama wa makamo mwenye miwani.

“Ni mume wangu, Mheshimiwa.”

Minong’ono ikapita kama upepo kwenye migomba. Jaji akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

“Nisikilize vizuri, mama. Sheria inanitaka nikuambie hili. Mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Ukitaka kusema, sema. Usipotaka, utashuka na hakuna atakayekugusa. Umenielewa?”

“Nimeelewa.”

“Unachagua nini?”

Wakili wa Nasibu alishaanza kukusanya makaratasi yake. Nasibu alikuwa anamtazama mkewe, anatabasamu. Tabasamu hilo Semeni alikuwa amelingoja miaka saba.

“Mheshimiwa, naomba maji.”

Akaletewa. Akanywa yote. Akairudisha glasi.

“Nitasema.”

“Semeni!” Mwaisha aliruka kitini. “Wifi, una wazimu?”

“Kimya mahakamani! Endelea, shahidi.”

“Severin alikuwa anaendesha. Nasibu alikaa nyuma yake, na shati la bluu. Alinipungia mkono, nikampungia. Nikamsindikiza kwa macho mpaka wakapotea kwenye kona.”

“Barabara ina watu wengi,” wakili wa utetezi alisema ilipofika zamu yake, amesimama huku amekunja uso. “Huwezi kuwa ulimfananisha?”

“Hapana.”

“Una uhakika gani, baada ya miaka yote hii?”

“Nilikuwa nampenda,” alisema Semeni, machozi yamefika kidevuni. “Mtu unayempenda humfananishi. Unamjua hata akiwa amekupa mgongo. Na mpaka sasa nampenda. Siyo kosa lenu, Mheshimiwa, ila ndivyo ilivyo.”

Wakili alikaa. Nasibu ndiye aliyesimama.

“Semeni! Nimekuacha! Mmesikia nyote? Nimekupa talaka, huna mume!”

“Mshtakiwa, kaa chini!”

Askari wawili walimkalisha kwa mabega. Semeni alibaki kizimbani, mikono imeshika mbao. Jaji alimngoja.

“Mama, una la kuongeza?”

“Sina, Mheshimiwa. Nimemaliza.”

Hukumu ilisomwa wakati mvua za vuli zimeanza na mlima umejifunika ukungu hadi miguuni. Kunyongwa hadi kufa, kwa mara ya pili. Semeni hakwenda kuisikiliza. Ilimfikia kwenye simu, kutoka kwa Mwaisha.

“Umemuua kaka yangu mara mbili. Anakata rufaa tena na safari hii atatoka. Usinisalimie tukikutana.”

Shehe wa mtaani alimwita kumweleza mambo ya talaka.

“Hamkukutana kimwili, mwanangu. Kwa hiyo huna eda. Uko huru tangu alipotamka.”

“Ahsante, shehe.”

Akaenda nyumbani akakaa eda ambayo hakuna aliyemdai. Genge alilifunga. Wanja hakupaka, kwenye shughuli hakwenda, hata Mama Kulwa alipokuja na utani wake wa gunia la mkaa alikaa kidogo, akauona uso wake, akaacha utani, akaosha vyombo vyote akaondoka. Baba yake alimwuliza mara moja tu.

“Unamkalia nani, Semeni?”

Semeni alichukua ufagio akaenda kufagia uani, naye mzee hakurudia.

Mama Severin alifika asubuhi moja na mkungu wa ndizi kichwani. Alipiga hodi kama mgeni, ingawa nyumba zao zinatazamana.

“Karibu, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Nimesikia umejifungia.”

“Kidogo tu, mama.”

Walikaa barazani. Mvua ilikuwa imekatika, matone yanadondoka kutoka kwenye bati. Semeni alikuwa anavuta uzi wa kanga yake, anauvuta tena.

“Mama, nina neno. Nikikwambia utanichukia.”

“Liseme kwanza.”

“Nikisali, namwombea. Naomba asinyongwe.”

Mama Severin aliyatazama matone ya batini, hata Semeni akaanza kuinuka.

“Kaa,” alisema. “Hata mimi sijawahi kuomba anyongwe. Kamba itanirudishia nani? Mimi nilitaka mtu mmoja tu asimame mbele za watu aseme mwanangu alimpakia nani. Maana walianza kuniambia labda aliteleza tu mwenyewe, kwamba nimezeeka, nasingizia vijana wa watu.”

“Amekata rufaa tena.”

“Nimesikia.”

“Wanasema wanaweza kuifuta tena. Ikaanza upya, kila kitu.”

“Na wakikuita?”

Semeni alifuta uso kwa ncha ya kanga.

“Nitakwenda.”

“Na huku bado unampenda?”

“Nitakwenda hivyohivyo, mama. Nikimpenda.”

Mama Severin alimtazama, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa jeraha asilo na dawa yake. Kisha akauvuta ule mkungu karibu.

“Nipe kisu,” alisema. “Na wewe kawashe moto. Nyumba hii imekaa baridi mno.”