NANI ALIUA DARASA LETU LA KISWAHILI?

"Msaliti wewe! Umemfutisha mwalimu kazi!"

Hayo maneno niliyatoa mimi… kwa rafiki yangu wa dhati, kantini nzima ikisikia.

Halafu nikammwagia juisi kifuani!

Prossy alijipangusa tu, akaniangalia kwa huruma. Huruma! Ikanipandisha hasira zaidi.

Naitwa Daisy, niko Grade 11 katika shule moja hapa Dubai. Tunaishi mtaa wa International City, mimi na mama yangu, ambaye ni mhudumu wa hoteli moja mtaa wa Deira. Ngojeni niwaambie ilivyokuwa, mnihukumu mkimaliza kusoma.

Muhula uliopita idara ya lugha ilitangaza somo jipya la kuchagua: Kiswahili.

Wah! Nilifurahi vibaya sana. Miaka yote ilikuwa Kifaransa ama Kihispania tu.

Masharti? Wapatikane wanafunzi kumi, na kila mmoja akubaliwe na mzazi. Wakipungua, somo linafutwa.

Wa kufundisha alikuwa Mwalimu Elisante, Mtanzania mpole, aliyeletwa kwa mkataba wa majaribio. Somo likikosa watu, na yeye hana kazi.

Mimi na Prossy, Mganda, tulizunguka madarasa yote wiki mbili. Tukabembeleza, tukaahidi watu chapati… tukapata kumi kamili, sisi wawili tukiwemo!

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha. Jioni nikamwona Prossy akitoka ofisi ya Sir Faris, mkuu wa idara. Macho mekundu. Nikamwita, akapita kama hajanisikia.

Jumatatu tangazo likabandikwa: *Kiswahili, wanafunzi tisa. Limefutwa.*

Nilikimbia hadi kwa Mwalimu Elisante. Alikuwa anapanga vitabu kwenye boksi.

"Nani amejitoa, Mwalimu?"

"Siruhusiwi kusema, binti yangu. Khalas, basi tena. Kazi ikiisha, viza nayo imeisha. Narudi Singida."

Alitabasamu, akaendelea kupanga vitabu.

Sikumuuliza mtu mwingine. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu, si ndio? Nikaenda kantini moja kwa moja…

Dakika kumi baadaye niliitwa kwa Sir Faris.

"Unajua Prossy alikuja kufanya nini hapa Alhamisi?"

"Kujitoa!"

"Alikuja kuulizia orodha, akaishia kunisihi niongeze siku tatu, atafute mtu wa kuziba nafasi yako."

"Nafasi yangu?!"

Akanigeuzia kompyuta. Ilikuwa barua pepe. Jina la mtumaji nililijua kuliko jina lolote duniani.

*Naomba binti yangu Daisy atolewe Kiswahili. Awekwe Biashara.*

Mama!

Jamani, Mama alikuwa amesaini fomu ya ruhusa mbele yangu, tukacheka pamoja!

"Prossy aliiona hapa hapa kwenye skrini," Sir Faris akasema. "Akaniomba usijue. Alisema hapa Dubai huna mtu mwingine ila mama yako."

Aki ya Mungu nililia.

Mama alipotoka kazini nilikuwa nimekaa kitandani na yunifomu yangu bado.

"Mama, kwa nini ulisaini halafu ukanizunguka?"

Alivua viatu polepole.

"Ulikuwa na furaha sana, Daisy. Nikashindwa kukukatalia."

"Kwa hivyo ukanidanganya?"

"Mimi Kiswahili nilikuwa napata A! Kimenifikisha wapi? Kubeba sahani za watu! Nilitaka wewe usome kitu cha kukulisha."

"Mwalimu Elisante kilikuwa kinamlisha, Mama. Sasa anarudishwa kwao."

Alishtuka, akashika ukuta.

"Sikujua… sikujua kuna mtu anategemea hilo somo."

Asubuhi yake Mama aliomba ruhusa kazini, akaenda kumlilia Sir Faris arudishe jina langu. Akaambiwa ratiba ya muhula imeshafungwa.

Mwalimu Elisante aliondoka wiki iliyofuata. Kabla hajaondoka, Mama alienda kumwomba msamaha. Akampokea vizuri, na hiyo ndiyo ilimuumiza Mama zaidi.

Na Prossy? Nilimpigia magoti pale pale kantini, watu wakiona.

"Nimekusamehe, Daisy. Lakini kukuamini tena… nipe muda."

Leo ni mwezi wa pili tangu siku hiyo. Ananisalimia tu, anaenda kukaa meza nyingine.

Wazazi mlio humu, ukitaka kumkatalia mtoto, mkatalie usoni. Atalia, atanyamaza. Na wewe unayejiona umesalitiwa… uliza kwanza! Mimi nilisalitiwa kweli, lakini mtu niliyemwadhibu ndiye peke yake aliyekuwa ananipigania.