Kona ya Malaika

Yaliyompata Wietske, jirani yetu hapa Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, yalianza Jumamosi ya kawaida kabisa, kahawa mezani, mvua dirishani. Mumewe Jelle alikuwa akibandua vigae vya kale vya mekoni ili waweke jiko la umeme. Vigae vyeupe, michoro ya buluu: Yona na samaki wake, Nuhu na safina, na katikati Ibrahimu, kainua kisu juu ya Isaka, malaika kamdaka mkono.

"Bandua vyote, mwanangu, hicho cha Ibrahimu kiache," alisema mama yake Jelle, Bibi Hiltsje. Kila jioni, tangu utotoni, alimbonyeza malaika yule kwa kidole kabla ya kwenda kulala. Mama yake naye alifanya hivyo hivyo.

"Mama nawe! Kigae ni kigae tu," Jelle akacheka. "Au Ibrahimu atakosa pa kulala?"

Akagonga patasi. Kigae hakikutoka, ila kona ilimegeka ikaangukia kwenye kifusi. Kona yenye malaika.

Jelle akaweka nyundo chini taratibu. "Douwe," akamwita mtoto wao wa miaka sita, "twende bandani tukapasue kuni."

"Kuni za nini, baba? Si tunaweka jiko la umeme?"

Wakatoka wameshikana mikono.

"Kitafute," Bibi Hiltsje akanong'ona. "Wietske, kitafute hicho kipande!"

Wietske alitaka kumwambia aache mambo yake. Kisha akatazama dirishani. Mlango wa banda ulikuwa wazi, kule mwisho wa bustani. Douwe alikuwa amelala kifudifudi juu ya gogo la kupasulia kuni, mikono nyuma, ametulia tuli. Baba yake kasimama juu yake. Anainua shoka.

Wietske asingefika kwa wakati. Alijua asingefika. Akapiga magoti, akafukua kifusi kwa kucha, akakipata kile kipande, akakipachika kwenye kona yake.

Shoka likagota hewani.

Kidole cha Wietske kikatetemeka. Shoka likashuka kidogo. Akabonyeza kwa nguvu zote, damu ikachuruzika kwenye kigae.

"Mama! Njoo ushike!"

Bibi Hiltsje akajikongoja hadi pale, akaweka kidole chake juu ya kile cha mkwewe. "Chomoa chako. Kimbia!"

Alikimbia peku kwenye tope. Alimnyakua mwanawe, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia. Jelle aliangusha shoka akaanza kulia kama mtoto.

"Nani kanishika?" akauliza. "Wietske, nani kanishika?"

Kifundo cha mkono wake kilikuwa na alama za vidole vinne, vyembamba kama njiti za kiberiti. Buluu. Sabuni haikuzitoa, wala tapentaini.

Kigae kilirudishiwa saruji siku ileile. Bibi Hiltsje wakamzika majira ya kuchipua. Jelle havai tena shati la mikono mifupi, hata kiangazi, na Douwe hakuambiwa lolote.

Juzi jioni Wietske alimkuta mwanawe amepanda kiti pale mekoni, kidole chake kwenye ile kona, kakibonyeza mpaka ncha imekuwa nyeupe.

"Unafanya nini, baba'angu?"

"Namsaidia," mtoto akanong'ona bila kugeuka. "Anasema amechoka, mama."