Fungate Kabla ya Posa

"Nakuuliza tena, jirani. Mwanangu umemuoa lini?"

"Mama, shikamoo kwanza."

"Shikamoo yako kaa nayo! Umemuoa lini, na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimelala au nimeshakufa sina habari?"

Mama Msusi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jirani yake, simu mkono huu, mwiko wa mbao mkono ule. Asubuhi hiyo alikuwa amezima friji akwangue barafu, na kabla hajamaliza, ujumbe ukaingia. Akatoka hivyo hivyo, gauni limelowa magotini. Beseni la barafu alilibwaga kwenye korido, katikati ya mlango wake na mlango wa jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa fundi saa, lakini jengo zima lilimwita Bei Chee. Huyo alikuwa mtu wa kupatana bei hata ya kitu asichokinunua. Mchana simu yake huizima, eti anaokoa chaji, ndiyo maana kila anapojiandikisha huandika namba ya Mama Msusi. Leo namba hiyo ilimponza.

Nyuma ya mama alisimama Msusi, kitana kimechomekwa kichwani, saluni imemngoja nusu saa. Miaka mitatu alikuwa na Bei Chee, miaka mitatu akisubiri neno moja. Na sasa neno lilikuwa ndani ya simu ya mama yake! Hakujua acheke au alie.

"Soma," mama alimpa simu. "Tena kwa sauti, Redio asikie vizuri. Naona ufagio wake umesimama kwenye ngazi tangu saa mbili."

Redio wa ghorofa ya chini, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hana pa kuzimia, alikohoa.

"Mimi nafagia tu, shoga yangu. Yenu hayanihusu. Soma, mwanangu."

Msusi akasoma:

"HONGERENI MAHARUSI! Kifurushi chenu cha FUNGATE, siku saba, kimethibitishwa. Kitanda kitapambwa maua ya waridi. Wakala wenu anawatakia safari njema, Bwana na Bibi. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

"Fungate!" mama aliruka. "Fungate kabla ya posa! Uliona wapi mtu anapuliza chai ambayo maji yake hata hayajachotwa?"

Bei Chee alimtazama mama, akamtazama Redio, akautazama ufagio. Jasho lilimtoka kama yeye ndiye friji lililozimwa likayeyuka.

"Mama, hiyo... hiyo ni bei tu."

"Bei gani?"

"Ukijiandikisha kama maharusi unapunguziwa. Na keki wanakupa. Ni ujanja wa safari, kila mtu anafanya."

Msusi alichomoa kitana kichwani.

"Kwa hiyo mimi ni ofa," Msusi alisema taratibu.

"Sijasema hivyo."

"Wenzangu wanaolewa kwa mahari, mimi naolewa kwa punguzo!"

"Mpenzi, hebu nisikilize."

"Nimekusikiliza miaka mitatu! Nikisema tukatembee baharini, unasema tungoje msimu wa mvua, hoteli zinakuwa tupu. Nikisema tukaone miji mikubwa, unanitafutia ndege inayotua nchi nne, eti tumeziona nne kwa nauli ya moja. Nikisema theluji, unaniambia twende kiangazi, ni nusu bei. Theluji kiangazi! Tukaangalie nini, matope?"

Redio alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Nenda na keki yako," Msusi alimalizia. "Na huyo Bibi wa kifurushi kamtafute mnadani. Mimi na wewe basi!"

Akashuka ngazi mbio mbio, simu ya mama yake bado mkononi.

Kwenye saluni, juu ya kioo, ilining'inia kalenda ya mwaka uliokwisha zamani. Hakuitoa kwa sababu ya picha yake: mlima mweupe pe, na theluji inadondoka kama unga unaochekechwa. Leo alinyoosha mkono aichane. Kabla hajaifikia, mlango ulifunguliwa.

"Nisuke," Redio alisema, akajitupa kitini. "Nywele zangu zimekumbuka ghafla kwamba hazijasukwa."

"Umekuja kusukwa au kupeleleza?"

"Kwani nikifanya yote mawili utanitoza mara mbili?"

Msusi akaanza kusuka. Alivuta nywele kwa hasira hadi nyusi za Redio zikapanda. Alikuwa amefika nusu ya kichwa simu ilipoita.

"Haloo, ni Bibi harusi?" Sauti ya kike, changamfu. "Mimi wakala wa safari. Nilitaka kukupongeza mwenyewe, dada. Mumeo ana moyo!"

"Sina mume. Nina mtu wa kutafuta punguzo."

"Punguzo? Lipi?"

"Si hilo mnalowapa maharusi!"

Wakala alicheka. "Nani kakudanganya, dada? Kifurushi cha maharusi ndicho ghali kuliko vyote hapa ofisini. Maua, gari la kuwapokea, chumba cha kutazama mlima. Na msimu wa theluji ndio bei inapaa kabisa."

Vidole vya Msusi vikasimama nyweleni.

"Msimu wa nini?"

"Wa theluji. Nilimpa kiangazi kwa nusu bei, akakataa. Nikampa bonde la jirani, theluji yake ni ya kutengeneza kwa mashine, akasema, 'Dada, nataka ile inayodondoka.' Amekuja hapa mara sita. Siku ya kwanza alitaka kujua bei ya kalamu niliyomwazima, lakini kwa kifurushi hiki hata kuomba kupunguziwa hakuomba."

Redio aliinua mkono, akaziba mdomo wake mwenyewe. Haikuwahi kutokea.

"Aliuliza swali moja tu," wakala aliendelea. "Kama mtu akipiga goti kwenye theluji, suruali ikalowa, hoteli humwazima nyingine. Nikamuuliza, goti la nini tena wakati mmeshaoana? Akaondoka mbio. Sasa dada, kuna jambo. Kwenye masharti, yale maandishi madogo, hoteli inataka nakala ya cheti cha ndoa. Bila cheti kabla ya mwezi kwisha, hamna maua wala chumba. Mtanitumia lini?"

Msusi alikuwa ameshatoka nje.

"Na kichwa changu?" Redio alipiga kelele, kisha akaona kichwa kinaweza kungoja lakini habari haingoji. Akamfuata mbio, upande mmoja umesukwa, upande wa pili umesimama wima.

Bei Chee walimkuta kwenye korido, ameketi kizingitini pa Mama Msusi.

"Mama, nifungulie basi nikueleze."

"Tafuta mlango wenye punguzo!" sauti ilitoka ndani, pamoja na harufu ya vitu vingi vinavyokaangwa kwa mpigo.

"Wewe!" Msusi alisimama mbele yake, pumzi juu juu. "Kifurushi cha maharusi ni nafuu?"

Bei Chee akainama.

"Umezungumza na wakala."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Ningesema nini? Mama yako ana mwiko, Redio yuko hewani. Niseme mbele yao kwamba nataka kukuposa kule, theluji ikidondoka kama kwenye kalenda yako? Nimeipanga miezi minane. Ingekwisha hapa, na mimi nimevaa kandambili."

"Ukaona bora niitwe ofa."

"Ulimi uliteleza. Nimezoea kila nikibanwa naitaja bei."

"Na masharti uliyasoma? Hoteli inataka cheti cha ndoa."

Bei Chee alipauka. Yeye, aliyesoma maandishi madogo hata kwenye kiberiti, haya hakuyasoma.

"Nilipoona neno 'theluji'," alisema, "nilitia saini."

Msusi alijitahidi kuendelea kununa, mdomo ukamsaliti.

"Basi piga goti hapa hapa."

"Hapa hapana theluji."

Mlango ukafunguliwa. Mama Msusi alitokeza, akanyoosha mwiko kuelekea beseni.

"Hiyo nini? Nimeikwangua tangu asubuhi, nyeupe kuliko ya hoteli."

Bei Chee hakubishana. Alipiga goti ndani ya beseni, chwaa! Maji ya barafu yalipanda hadi mapajani. Akatetemeka, meno yakagongana kama saa mbovu.

"Mpenzi... u-utanioa?"

"Unatakiwa kusema 'nikuoe'!" Redio alidakia.

"N-nikuoe?"

"Unioe," Msusi alisema. "Kwa bei kamili."

"B-bei kamili."

Redio alipiga kigelegele kilichofika hadi ghorofa ya chini, akaanza kushuka ngazi kukieleza.

"Simama hapo, Redio!" mama alisema. "Na wewe mwenye goti, posa hailetwi na beseni. Jumamosi niletee mjomba wako, aseme mbele yangu. Akichelewa, hicho cheti mtaandikiwa na huyo wakala."

"Nitamleta, mama. Jumamosi asubuhi."

"Friji nimelizima, vyote vilivyokuwamo nimevipika. Havitakaa hadi jioni. Redio, nusu kichwa hivyo hivyo, pita ndani. Waite na wa ghorofa ya juu."

Bei Chee alisimama, suruali inachuruzika maji. Akachungulia sufuria zilizojaa jikoni, mazoea yakamshinda.

"Mama... bure?"

Mama Msusi alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Vigezo na masharti kuzingatiwa," alisema. "Kamua hiyo suruali, mkwe, uingie ule."