Nyumba Isiyo na Unga

“Dada, humu ndani ninakaa na nani?”

Dada mtu alikuwa ameinama mezani akifungua chakula alichonunua njiani. Mkono wake ukaganda juu ya mfuniko.

“Unakaa peke yako, mdogo wangu. Tumeshaongea hayo.”

“Mbona hamna unga wa ngano?”

“Unga?”

“Nilitaka kuoka biskuti. Nimepekua kabati lote la stoo, kopo kwa kopo. Hata vumbi lake hamna.”

Dada akacheka, ila kicheko chenyewe kilitoka kimepinda.

“Uliisha, hukununua mwingine. Ndiyo mambo ya kumuuliza mtu aliyetoka kazini hoi?”

Huyu mdogo mtu wote walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Kazi yake ilikuwa kushona. Alikuwa ameanguka na pikipiki, akaamka hospitalini kichwa kimeshonwa nyuzi, na miaka mitatu ya mwisho ya maisha yake imepanguswa kama chaki kwenye kitambaa. Alikumbuka kuishi kwa dada yake. Nyumba hii hakuikumbuka hata kidogo.

Dada alimweleza kila kitu kwa upole: ulihama kwangu, ukapanga hapa peke yako, ukawa unashonea watu nguo. Simu yako ilivunjika ulipoanguka, nimekununulia mpya. Ndani yake mna namba mbili tu, yangu na yako. Usitoke nje, jua na maswali ya watu vitakuumiza kichwa. Yeye mwenyewe alilala sebuleni kumuuguza, na kila asubuhi akienda kazini alifunga mlango kwa nje.

“Wezi wamezidi,” alisema.

Kitinda aliamini. Huyu ndiye aliyembeba yeye mgongoni baada ya mama yao kufariki. Asipomwamini huyu, amwamini nani?

Tatizo ni kwamba nyumba yenyewe haikukubaliana na Dada. Kioo cha ukumbini kilitundikwa juu mno. Kitinda akisimama mbele yake alijiona kuanzia nyusi kwenda juu, kovu na nywele zilizonyolewa, kama mtu anayechungulia kutoka kisimani. Godoro lilibonyea upande wa ukutani, na yeye kila siku alijikuta amelala upande wa mlangoni, pembeni kabisa, kama anayemwachia mtu nafasi. Na lile kabati la stoo, rafu yake ya juu ilijaa makopo, wakati yeye hata akisimama kwa vidole haigusi. Kigoda hakikuwepo nyumba nzima, na viti vya mezani havikupita kwenye mlango wa stoo.

“Na siagi ya karanga?” akauliza.

“Imefanya nini tena?”

“Karanga zinanichefua tangu utoto. Wewe ndiye uliyekuwa unanipokonya zangu. Kopo liko humu, limeliwa hadi robo. Limeliwa na nani?”

“Wateja wako. Ulikuwa unawaokea biskuti.”

“Lilikuwa rafu ya juu, Dada. Nimelishusha kwa mpini wa ufagio, nusura linifumue nyuzi za kichwa. Nililiwekaje huko?”

Dada akavuta kiti, akakaa. Alikuwa mwanamke ambaye jikoni huingia kunywa maji tu. Siku alizokuja kuiandaa nyumba hii mgonjwa akiwa hospitalini, alipitia chumba cha kulala, sebule na kabati la nguo. Stoo hata hakuifungua.

“Sikutaka kukuambia mapema,” akasema. “Daktari alitaka twende taratibu. Una mchumba.”

“Mimi?”

“Mfamasia, yule mwenye duka la dawa pale kona. Yeye ndiye aliyekuwa akikupangia vitu huko juu. Jumamosi anakuja tupange siku.”

Kitinda akaigusagusa ile habari moyoni, kama mtu anayegonga ukuta kusikiliza kama una uwazi ndani. Hakusikia kitu.

“Nampenda?”

“Wewe tena. Ulikuwa huli, hulali.”

“Na ule upande wa ukutani kitandani, ninamwachia yeye?”

Dada akaanza kupakua.

Kesho yake, mlango ukiwa umefungwa kwa nje, Kitinda alitandaza mezani masalio yote ya stoo aliyoweza kuyafikia. Siagi ya karanga robo kopo. Sukari ya kahawia iliyoshikana kama jiwe. Konzi ya zabibu kavu. Ufuta kidogo chini ya chupa. Yai moja.

Kichwa hakikujua pa kuanzia. Mikono ilijua. Iliiponda sukari kwa mgongo wa kijiko, ikaichanganya na nusu ya siagi, ikapasua yai, ikanyunyiza chumvi bila kupima. Ikaviringa madonge madogo, ikayapanga kwenye sinia, ikayabonyeza kwa uma, mara hivi, mara vile, hadi kila moja likawa na alama ya msalaba. Yeye alikuwa kama amesimama pembeni anamtazama mwanamke mwingine akifanya kazi.

Harufu ya karanga ilipotoka kwenye oveni, alikunja pua na kugeuza uso. Na papo hapo, bila sababu, akatabasamu.

Zilipopoa, mikono ilizitia kwenye kopo la bati, ikaweka mfuniko juu chini, ikafungua dirisha la jikoni, ikapitisha kopo katikati ya nondo na kuliweka kwenye ukingo wa nje, upande wa kichochoro. Hapo ndipo alipozinduka.

“Ninafanya nini mimi?”

Lakini hakulitoa.

Asubuhi kopo lilikuwa palepale. Tupu. Limeoshwa, limefutwa likakauka, mfuniko juu chini.

“Umelitoa wapi hilo?” Dada alisimama mlangoni mwa jiko, na midomo yake ilikuwa imepoteza rangi.

“Dirishani.”

“Nani amekuambia uweke pale?”

“Kwani ni mahali pa kuambiwa?”

Dada akafunga dirisha, akatafuta waya, akaufunga kwenye komeo akizungusha mara nyingi mno.

“Ni paka,” akasema.

“Paka anaosha vyombo?”

“Usinitanie.”

“Sikutanii, Dada. Ninaogopa. Nimemlisha nani?”

“Hujamlisha mtu. Usioke tena.”

Funguo ziligeuka mlangoni, hatua zikaenda. Kitinda akachukua mkasi wake wa kushonea, akaukata ule waya.

Yai halikuwepo. Palikuwa na ndizi moja iliyoiva hadi kuwa nyeusi, akaiponda badala yake. Aliikwangua siagi hadi kijiko kikalia kwenye kuta za kopo. Na kabla ya kufunika, alichukua chaki yake ya kushonea, akaandika namba yake ya simu upande wa ndani wa mfuniko.

Ujumbe uliingia Ijumaa asubuhi, Dada akiwa ndiyo kwanza ameondoka.

“Safari hii umeweka ndizi badala ya yai. Chumvi imezidi kidogo, kama kawaida yako. Kichwa kinaendeleaje?”

Simu ilimponyoka. Aliiokota kwa vidole viwili kama kitu cha moto.

“Wewe ni nani?”

“Mla biskuti.”

“Umekufa?”

Jibu likaingia.

“Hapana. Ila nimeombwa nikae kama niliyekufa. Nimeambiwa nikijitokeza utazidiwa. Sikupaswa hata kukuandikia. Futa hizi.”

“Mbona biskuti zako hazina unga?”

“Wewe ndiye uliyezibuni. Tumbo langu linakataa ngano, ukaitoa yote ndani ya nyumba. Nilikuwa nikipasha pikipiki moto kichochoroni, unanitolea kopo dirishani.”

Kitinda aliketi sakafuni. Nyumba nzima ilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza alihisi kimya hicho kina umbo la mtu.

“Kesho anakuja mtu wanayesema ni mchumba wangu,” akaandika.

“Najua. Dada yako ameniambia umemchagua mwenyewe. Kama ni kweli, sitasogea tena dirishani.”

Aliyasoma maneno hayo pole pole. Umemchagua mwenyewe. Alimhurumia dada yake kabla hata ya kumkasirikia.

“Kesho saa kumi alasiri,” akajibu, “usiwe mbali na dirisha.”

Mfamasia alikuja amepiga pasi hadi soksi. Alikuwa mtu mpole, si mrefu si mfupi, na alishika boksi la keki kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto wa watu.

“Pole na ugonjwa,” akasema.

“Nimeshapoa. Karibu ukae. Nikuulize, niliwahi kukuokea biskuti?”

Mfamasia akamtazama Dada. Dada akatikisa kichwa, ndiyo.

“Mara nyingi,” akasema. “Tena tamu.”

“Za namna gani?”

“Zile za kawaida. Za unga, laini, na siagi kidogo.”

Dada akafumba macho.

“Ahsante,” Kitinda akasema. “Chai iko tayari, sukari ndiyo iko stoo, lile kopo la buluu rafu ya juu. Nishushie, maana wewe ndiye uliyeliweka.”

“Mimi mwenyewe nitaileta,” Dada akainuka.

“Kaa, Dada. Mgeni wako ana mikono.”

Wote watatu wakaishia stoo. Mfamasia akanyoosha mkono. Akasimama kwa vidole. Shati lake lililopigwa pasi likachomoka kiunoni. Vidole vyake viliishia chini ya rafu, vikipapasa hewa.

“Niletee kiti,” akasema kwa sauti ndogo.

“Aliyeliweka hakutumia kiti,” Kitinda akasema. “Ni nani?”

Pale juu makopo yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa, vizuri, na mtu ambaye kwake rafu ile ilikuwa ya kunyoosha mkono tu. Wote walijikuta wameinua nyuso, kana kwamba mwenyewe amesimama katikati yao na wanasubiri aseme.

Mfamasia akashusha mkono.

“Dada, mimi haya yamenishinda,” akasema. “Uliniambia mume wake amemkimbia hospitalini. Mtu aliyekimbiwa hana makopo yanayomsubiri hivi.”

“Mume,” Kitinda akalirudia lile neno. Lilikaa mdomoni bila kumkwaruza.

Dada aliegemea kabati. Alipoanza kusema hakuwa tena na sauti ya kuelekeza watu.

“Nilikulea tangu mama alipofariki. Nilikutoa kwangu mzima, unacheka. Akanirudishia umefungwa bandeji hadi machoni. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Mvua ile, na pikipiki ile. Yeye akachubuka kiwiko tu. Kiwiko! Ulipoamka ukaniuliza, Dada, tumelala wapi leo, nikaona umerudi. Umerudi kwangu. Nikasema basi, yaishie hapo.”

“Ukamwambia nini?”

“Kwamba daktari amekataza usimwone. Na kwamba una mwingine. Nikachukua nguo zake, picha, viatu. Nilifuta kila kitu.”

“Hukufuta jikoni.”

“Mimi jikoni nitajulia wapi?” Dada akasema, na akaanza kulia.

Kitinda akamshika mkono, akaubana. Hakuuachia hata alipotoa simu na kuipiga ile namba.

Mlio ulisikika hapohapo, chini ya dirisha la jikoni.

“Ufunguo, Dada.”

Dada alikuwa na kawaida ya kufunga hata akiwa ndani. Alipapasa mfukoni, akamkabidhi.

Mtu aliyeingia aliinama kabla ya kufika kizingitini, kama anayekijua kilipo. Alikuwa mrefu kupita milango. Mtaani walimwita Twiga. Alikuwa amekonda, shati linamning’inia, na kwenye kiwiko palikuwa na kovu dogo ambalo alilifunika kwa kiganja mara tu alipomwona Dada.

“Shikamoo, Dada.”

Dada alitazama pembeni. Sauti yake ikasikika, ndogo, kama imetoka chumba kingine:

“Marahaba.”

Mfamasia alichomekea shati lake na kuchukua boksi la keki.

“Hili nadhani humu halina mlaji,” akasema. Akamwinamia Kitinda kidogo. “Nisamehe.” Akatoka akivuta mlango taratibu, bila kuufunga.

Kitinda alimkagua mgeni usoni. Alitafuta kila pembe, akabisha hodi kila mahali. Hakuna aliyefungua.

“Sikukumbuki,” akasema.

“Najua.”

“Huenda nisikukumbuke kabisa.”

“Najua hilo pia.”

“Usinishike bado.”

“Sitakushika.”

“Basi nishushie sukari, chai inapoa.”

Twiga aliinua mkono bila kutazama juu, macho yake yakiwa bado kwa Kitinda, akalishusha kopo la buluu kama mtu anayetoa kitu mfukoni mwake mwenyewe.

Walikunywa chai watatu. Dada alikunywa akiwa ameinamia kikombe, na Twiga akamsogezea sahani yenye biskuti ya mwisho, ile ya ndizi, aliyokuwa amekuja nayo ndani ya kopo. Alikuwa ameihifadhi, alisema, kwa kudhani haitatoka nyingine. Dada aliikata katikati, akala nusu.

“Chumvi imezidi,” akasema.

“Kama kawaida yake,” Twiga akajibu, na kwa mara ya kwanza Dada akamtazama.

Alipomsindikiza dada yake hadi nje na kurudi, Kitinda alisimama ukumbini mbele ya kioo. Nyusi, kovu, nywele zinazoanza kuota.

“Nani alikitundika hiki?”

“Mimi,” Twiga akasema akiwa mbali, karibu na mlango wa jiko. “Uligomba siku nzima. Ulisema nimejiwekea kioo changu, wewe nimekuachia paji la uso.”

“Njoo.”

Akaja, akasimama nyuma yake bila kumgusa. Ndani ya kioo, pale juu palipokuwa patupu siku zote, uso wa mwanamume ukaingia na kutua juu ya kovu lake, mahali pake hasa, kama kitu kilichokuwa kikingojewa. Kitinda alishtuka. Kisha akauangalia vizuri. Ulikuwa uso wa mtu asiyemjua, umechoka, unaogopa kuliko yeye.

“Nikishushe?” Twiga akauliza.

“Kiache kwanza,” akasema. “Ngoja nikuzoee.”