Askari Aliyeitwa Masereka

Rangi ya yule askari wa tatu wa plastiki ilikataa kukauka. Nobert aliigusa Jumatatu ikamnata kidoleni. Akaigusa tena Alhamisi, bado mbichi, na sasa ilikuwa na joto.

Kosa lilikuwa lake. Nobert ni wakala wa forodha pale mpakani Mpondwe, anaishi Bwera, na Jumapili baada ya kanisa hucheza na wenzake mchezo wa vita wa mezani, kwa dadu na vijisanamu vya plastiki. Vile alivyonunua sokoni vilikuwa mitumba, vimepakwa rangi kiwandani ovyo ovyo, nyuso kama uji uliomwagika. Akaamua kujifunza kuvipaka upya. Akaviosha kwa sabuni na mswaki, akavipaka rangi ya msingi, halafu rangi iliyozimuliwa kwa maji, tabaka juu ya tabaka. Macho aliyaacha mwisho.

Sasa, kwa Wakonzo, kabila lake, mtoto hatafutiwi jina, analikuta linamngoja. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Nobert alikuwa na wavulana wawili, na mkewe Night alikuwa na mimba kubwa. Kwa utani tu, askari wa kwanza akamwita Baluku, wa pili Bwambale. Wa tatu alipokwisha kumtia macho, akamwinua dirishani akasema, "Karibu nyumbani, Masereka." Utani mwingine, jamani, mtu angeumeza tu.

Siku hiyo hiyo mtoto akaacha kucheza tumboni.

"Baba Baluku," Night alinong'ona, "huyu mutoto amenyamaza. Na hiyo boksi yako ya askari inanuka kama wodi ya leba."

"Ni rangi, Mama Baluku."

"Sikiliza basi."

Wakasikiliza. Ilikuwa mchana kweupe, boda boda zikipiga honi barabarani, na chini ya kelele hizo zote ikatoka ndani ya boksi kwikwi ndogo, moja, ikatulia, ikarudi, kwikwi ile ile ambayo Night alikuwa ameizoea chini ya mbavu zake.

Wakamwita Kahambu, mganga mwanamke wa ng'ambo ya mpaka. Alimtazama yule askari, akakataa kumshika.

"Hii jini ilikuwa inatembea tu, haina kwao," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ulimutengenezea uso, ukamupatia jina. Sasa iko mutoto ya hapa."

"Mama, nitatoa rangi yote," Nobert akamwambia.

"Jaribu."

Nobert akamloweka askari katika mafuta ya taa, akasugua kwa mswaki, na kadiri rangi ilivyobanduka ndivyo Night alivyopiga mayowe kitandani akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, na koti likatoka, na mikono ikatoka, na yale macho hayakutoka, yakabaki yanamtazama katikati ya plastiki tupu, mpaka Nobert akatupa mswaki, akakaa sakafuni akalia bila aibu.

"Wacha, utaua mama," Kahambu akasema. "Jina imekwenda. Huyu akizaliwa, muite Kule. Labda ule mwingine atatosheka."

Labda! Hiyo ndiyo dawa yote waliyopewa. Kahambu akamfunga askari kwenye kitambaa, akavuka naye daraja la mpakani kurudi kwao.

Mtoto alizaliwa mzima, mvulana, akalia kwa nguvu. Wakamwita Kule. Majirani wakauliza, "Na Masereka iko wapi?"

Siku waliyotoka hospitali, Night aliketi sebuleni akampa mtoto titi la kulia. Kule akanyonya vizuri, akasinzia. Nobert akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Baba Baluku," Night akasema, machozi yakimtiririka, "shika huyu kidogo."

Nobert akampokea. Night hakufunga blauzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa, umelemewa na uzito usioonekana, na titi la kushoto lilikuwa likivutwa, polepole, likiachiwa, likivutwa tena.

"Kaka yake bado hajashiba."